Mikono Yako Imeshazoea: Jinsi ya Kutunza Usukani, Kebo na Breki za Bodaboda

Muulize mwendeshaji yeyote wa steji ya Olympic kule Kibera, au wa Kawangware 46, oili ya injini yake imebakiza siku ngapi. Atakujibu bila kufikiri. Injini ikiumwa hupiga kelele, hutoa moshi, hukataa kuwaka, na siku hiyo hakuna hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki. Usukani hauna tabia hiyo. Kebo ya klachi hukaza kidogo kidogo, na mkono wako huongeza nguvu bila wewe kujua. Breki ya mbele hulegea, vidole navyo hujifunza kuvuta zaidi. Shingo ya pikipiki huanza kugonga na wewe unailaumu barabara. Baada ya miezi mitatu unaendesha pikipiki mbovu na kuapa kwamba ni nzima, kwa sababu mikono yako imeshaizoea.

Kwa hiyo mwongozo huu unakuomba jambo moja: acha kuamini mikono, anza kupima. Vipimo vyenyewe si vya gharama. Utahitaji kijiti cha kiberiti, vidole vyako na mwenzako mmoja wa steji.

KWA NINI KWETU HUHARIBIKA MAPEMA

Fikiria safari moja ya kawaida. Unatoka kwenye lami ya Ngong Road, unaingia Kibera Drive, halafu abiria anakuomba umshushe hadi Gatwekera. Hapo ni mawe, maji ya mtaro na reli ya kuvuka. Au unatoka Lavington kwenye barabara laini, unafika Kawangware 56, kisha unakata kuingia vichochoro vya Gatina ambavyo mvua za Machi hadi Mei huvigeuza uji. Kila shimo unalopiga hupanda kwenye shokabu na kuishia shingoni, mahali ambapo gololi za beringi zimekaa ndani ya vikombe vya chuma. Kwa kuwa muda mwingi usukani umenyooka, gololi hugonga palepale kila mara, hadi zinachimba vishimo.

Halafu jioni unapeleka pikipiki kuoshwa. Pampu yenye nguvu inasukuma maji na mchanga ndani ya shingo na kwenye midomo ya kebo, na sabuni inaondoa grisi iliyokuwa ikilinda. Pikipiki inatoka inang'aa. Nadhani pampu hiyo imeua kebo nyingi kuliko matope yenyewe, ingawa wenye kuosha hawatapenda nikisema hivyo.

Na gharama ya uzembe ni hii. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, unapita karibu mita 11 kila sekunde. Breki iliyolegea ikikuchelewesha nusu sekunde tu, umeshakwenda mita 5 na nusu, zaidi ya urefu wa Probox nzima, kabla breki haijashika.

UWE NA HIVI

• Spana namba 10, 12, 14 na 17, bisibisi na koleo
• Kopo dogo la grisi
• Chupa ya mafuta ya cherehani
• Kipande cha tyubu kuukuu na blada ya kufungia
• Vitambaa viwili na mafuta ya taa kidogo ya kusafishia
• Kreti ya soda au gogo la kuinulia sehemu ya mbele

UKAGUZI WA ASUBUHI: DAKIKA TATU

Fanya kabla ya abiria wa kwanza. Ukifanya ukiwa steji, mteja atakuja na utaacha katikati.

1. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa. Geuza usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha wa kulia. Usikwame popote, na kebo zisivutike wala kubanwa.

2. Zungusha mshiko wa mafuta hadi mwisho, kisha uachie ghafla. Lazima urudi wenyewe na ugonge. Rudia usukani ukiwa kushoto kabisa, halafu kulia kabisa. Ukirudi polepole kama mtu aliyechoka, hiyo ni hatari.

3. Weka gia nyutro, washa injini, iache ingurume taratibu. Geuza usukani pande zote mbili bila kugusa mafuta. Sauti ya injini ikipanda, kebo ya mafuta imekaza kupita kiasi au imepitishwa mahali pabaya. Usitoke nayo. Siku utakayokata kona kali, pikipiki itaongeza mwendo yenyewe.

4. Zima injini. Shusha pikipiki kwenye stendi, vuta breki ya mbele, kisha isukume. Gurudumu lisizunguke, na liva isiguse mshiko hata ukiibana kwa nguvu zote.

5. Kanyaga breki ya nyuma na usukume tena. Kisha washa swichi, omba mtu atazame kama taa ya breki inawaka kwa mkono na kwa mguu.

6. Inama utazame ncha za kebo, pale waya unapoingia kwenye liva. Ukiona hata uzi mmoja umekatika na kusimama kama unywele, kebo hiyo ni ya kubadilishwa leo.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa zaidi. Waya wa kebo umesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, na mara nyingi hukatikia karibu na kile kichwa cha mwisho ambako hupinda kila unapovuta. Uzi wa kwanza ukikatika, mzigo wake hubebwa na zilizobaki. Hazidumu.

KEBO: SEHEMU INAYOLIPA KULIKO ZOTE

Kebo ni vitu viwili: waya unaotembea na ganda lililotulia. Kati yao panatakiwa mafuta mepesi. Yakikauka, chuma husugua chuma, kutu huingia, na wewe huvuta kwa nguvu zaidi, jambo linaloharakisha kukatika. Kwa pikipiki nyingi za steji zetu, kama Boxer na TVS zenye breki za dramu, kebo kubwa ni tatu: ya klachi, ya mafuta na ya breki ya mbele. Breki ya nyuma huvutwa kwa chuma kirefu.

   

Tia kebo mafuta kila baada ya wiki mbili, na kila wiki wakati wa mvua. Anza na ya klachi, ndiyo rahisi.

1. Legeza nati za kurekebishia, ile ya kwenye liva na ile ya karibu na injini. Hesabu mizunguko ili ujue pa kurudi.

2. Kwenye liva, panga mifereji ya nati ifuatane na mfereji wa liva yenyewe. Kebo itachomoka bila kulazimishwa. Ukiona unatumia koleo, umekosea mpangilio.

3. Kunja kipande cha tyubu kiwe kama faneli, kizungushe kwenye mdomo wa ganda na ukifunge kwa blada. Zamani kazi hii ilifanywa kwa mfuko wa nailoni. Tangu marufuku ya Agosti 2017 mifuko imeadimika, na tyubu inafaa zaidi kwa vyovyote.

4. Inua ncha hiyo juu, tia mafuta ya cherehani, kisha vuta waya juu na chini. Ongeza hadi yatokeze upande wa pili. Yakitoka meusi, endelea mpaka yatoke safi. Kebo iliyokauka sana iache ikining'inia usiku kucha.

5. Futa, paka grisi chembe kwenye kichwa cha kebo na kwenye bolti ambayo liva huzungukia, kisha rudisha kila kitu.

Kebo ya mafuta ina onyo lake: ichomoe pia upande wa chini kabla ya kuitia mafuta, ili yasiteremke hadi ndani ya kabureta. Ya breki ya mbele ndiyo ya kuogopwa. Funga kitambaa upande wa chini na uhakikishe hakuna tone linalofika kwenye dramu. Breki shuu zikinywa mafuta hazishiki tena, na kuzisugua kwa msasa hakuyatoi.

Usitumie oili chafu ya injini. Najua ni ya bure na iko chini ya kila benchi la fundi. Ina chembe za chuma ndani yake, na unato wake hukusanya vumbi hadi kebo inakuwa kama imejazwa saruji.

Ukinunua kebo mpya, iwe Kirinyaga Road au duka la speya la mtaani, nenda na ile kuukuu mkononi. Zilaze pamoja. Urefu wa ganda na urefu wa waya unaobaki nje viwe sawa. Kebo fupi itakubali kufungwa vizuri, kisha itavutika usukani ukigeuka. Kabla ya kutoa ya zamani, tazama ilipopita, au ipige picha kwa simu. Mpya ipite njia ileile.

VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Baada ya kutia mafuta au kubadilisha, rekebisha nafasi ya kucheza, yaani umbali ambao kitu husogea kabla hakijaanza kufanya kazi.

• Klachi: milimita 2 hadi 3 kwenye shina la liva. Kijiti cha kiberiti kipite pale, tena kibakishe nafasi kidogo.
• Mafuta: milimita 2 hadi 6 za kuzunguka kwa mshiko kabla injini haijaitika.
• Breki ya mbele ya dramu: sentimita 2 hadi 3 kwenye ncha ya liva.
• Breki ya nyuma: sentimita 2 hadi 3 za pedeli.

Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Klachi iliyokazwa bila nafasi yoyote huteleza na kuungua, hasa ukipandisha mlima na mzigo. Iliyolegea sana haitengani, gia zinaingia kwa kelele, na pikipiki inasogea hata ukiwa umevuta. Breki isiyo na nafasi husugua muda wote: baada ya safari, sogeza kiganja karibu na habu bila kuigusa, utahisi joto.

Mwenye breki ya diski hana kebo hapo. Atazame kiwango cha mafuta ya breki kisishuke chini ya alama, na aongeze aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, si nyingine. Liva ikiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani, mpelekee fundi. Wenye pikipiki za umeme kwa kawaida hawana kebo ya mafuta wala klachi, lakini shingo yao ni ileile na mashimo ni yaleyale.

SHINGO: UGONJWA UNAOSINGIZIWA BARABARA

Hapa ndipo mikono hudanganya zaidi, kwa hiyo usipime peke yako.

1. Weka stendi kubwa. Ingiza kreti chini ya injini hadi gurudumu la mbele lining'inie. Mwenzako ashike nyuma.

2. Kaa mbele, shika shokabu zote mbili upande wa chini, vuta na usukume kuelekea injini. Mwenzako aweke kidole pale shingo inapokutana na fremu. Akihisi kugonga chini ya kidole, beringi za shingo zimelegea.

3. Kama kidole hakisikii kitu lakini wewe unahisi mchezo, shika gurudumu juu na chini, ulitikise kando. Likicheza, ugonjwa uko kwenye beringi za gurudumu. Lisipocheza, tazama shokabu zenyewe.

4. Nyoosha usukani, kisha uguse kidogo kwa kidole kimoja. Uanguke wenyewe upande mmoja hadi mwisho. Jaribu na upande wa pili. Ukibaki umesimama, umekazwa mno, au kebo zinauzuia.

5. Ugeuze polepole sana ukipita katikati. Ukihisi kama unatumbukia kwenye kishimo kidogo na kutulia, vikombe vimechimbika.

Majibu ya hatua ya pili na ya tano yana tiba tofauti, na watu huyachanganya. Kulegea hukazwa. Kishimo hakikazwi. Ukikaza shingo iliyochimbika, kile kishimo kinashika zaidi. Pikipiki inakataa kunyooka, inayumba kwa mwendo mdogo kama mlevi anayetafuta mlango, nawe unakuwa unapigana na usukani kuanzia Makina hadi mjini.

Kukaza ni hivi. Legeza nati kubwa ya juu katikati ya usukani, na pia bolti zinazobana shokabu kwenye daraja la juu kama pikipiki yako inazo. Chini yake kuna nati ya duara yenye meno. Izungushe kwa spana ya ndoano sehemu ndogo, kama moja ya nane ya mzunguko, kisha rudia kipimo cha pili na cha nne. Acha pale kugonga kunapoisha huku usukani ukiendelea kuanguka wenyewe. Kaza nati ya juu, kaza zile bolti, halafu pima tena, kwa maana nati ya juu ikikazwa huongeza mbano. Fundi akija na patasi na nyundo kugonga yale meno, mwambie asubiri, utaazima spana kwingine.

Kama ni kishimo, nunua seti nzima: vikombe vya juu na chini pamoja na gololi zake. Gololi mpya kwenye vikombe vya zamani ni pesa iliyotupwa. Zinapofunguliwa, tandaza kitambaa chini na uhesabu za juu na za chini kila moja peke yake. Nimeona shingo ikifungwa huku gololi moja imelala mchangani kando ya benchi, na hakuna aliyejua hadi wiki ya pili. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, jaza grisi mpya bila ubahili.

VITU TULIVYOONGEZA WENYEWE

Kiwandani usukani haukutoka na mwavuli, vifuniko vya ngozi vya mikono, kishikio cha simu na blada iliyozungushwa mishikoni. Sisemi uvitoe vyote. Baridi ya Julai saa kumi na moja alfajiri naijua. Ila kila kimoja kikaguliwe. Kifuniko cha mkono kisibane liva ya breki wala kuuzuia mshiko wa mafuta kurudi. Blada ya mshikoni isilegee na kugusa sehemu isiyozunguka, kwani inaweza kuukamata mshiko mafuta yakiwa wazi. Waya wa chaja usijisokote shingoni. Mwavuli unashika upepo, na ukipishana na lori kwenye Naivasha Road utausikia usukani ukivutwa kabla hujajua kwa nini.

Mzigo nao ni sehemu ya usukani. Gunia likikaa nyuma kabisa ya keria, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huelea. Sogeza uzito mbele. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na kwa upande wa usukani sheria hiyo ina akili. Pima pia upepo wa tairi ya mbele tairi ikiwa baridi. Pikipiki nyingi ndogo hutaka karibu psi 25, lakini soma kibandiko cha yako. Tairi laini hufanya usukani uwe mzito, nawe ukaenda kufungua shingo isiyo na kosa.

USIFANYE HAYA

Usinyooshe usukani uliopinda kwa kuupiga au kuuchomelea. Bomba lililopinda na kurudishwa limechoka pale pale, na siku litakapovunjika utabaki na kipande mkononi. Badilisha. Shokabu iliyopinda ni hivyohivyo.

Usifunge fundo kwenye kebo iliyokatika ili umalizie siku. Usielekeze pampu ya maji shingoni, kwenye habu au kwenye midomo ya kebo. Hapo tumia ndoo na kitambaa, na zamu ya kutia mafuta ikifika, iwe jioni ya kuosha. Usikaze breki kila wiki bila kutazama breki shuu. Ukiona nati ya kurekebishia imekaribia mwisho wake, breki shuu zimekwisha.

MARA MOJA KWA WIKI

☐ Kebo zote tatu: ncha, ganda, na mafuta zamu yake ikifika
☐ Nafasi za klachi, mafuta na breki zimepimwa
☐ Shingo: kugonga, kuanguka, kishimo
☐ Bolti za usukani na za liva zimekaza
☐ Vioo havilegei
☐ Upepo wa tairi
☐ Mwenzako ameiendesha mita 200

La mwisho usiliruke. Mpe mwendeshaji mwingine wa steji yako, naye akupe yake. Mkono usioizoea pikipiki utatambua kwa dakika moja kile ambacho wako umekificha kwa miezi. Mwulize maswali matatu tu: klachi ni nzito? Breki imeshika wapi? Inavuta upande gani?

Linabaki suala la nani alipe. Waendeshaji wengi wa Kibera na Kawangware hawamiliki pikipiki. Wanampelekea mwenye pikipiki hesabu kila jioni, na kila upande unangoja mwingine ununue kebo. Kubalianeni mapema, na muandike hata kwa ujumbe wa simu, kwamba kebo, breki shuu na seti ya shingo ni za mwenye pikipiki, na kazi ya kutia mafuta ni yako. Kisha ukikuta uzi umekatika asubuhi, piga picha, mtumie, na usitoke mpaka kebo mpya ifungwe.